Amana Iliyovunjwa: Somo la Usaliti kutoka Nyumba ya Sayyid Said

Sisi tunaokaa mtaa wa Amani, hapa Unguja, hulitamka jina la mtaa wetu mara nyingi kwa siku bila kulifikiria. Tunamwambia utingo wa daladala atushushe Amani. Tunamwelekeza mgeni kwamba nyumba iko nyuma ya Uwanja wa Amaan. Jina limekuwa anwani tu. Lakini neno hilo lina ndugu zake wa tumbo moja: amana, imani, kuamini, mwaminifu. Yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na katika Kiebrania, lugha iliyo jamaa ya Kiarabu, mzizi huo huo umetupa neno tunalofungia kila sala: Amina.

Maneno haya yanafundisha jambo. Amana ni kile unachomkabidhi mwenzako akutunzie: ufunguo, fedha, siri, mtoto. Unamkabidhi kwa sababu unamwamini. Akiitunza, amani inakaa baina yenu. Akiivunja, imani na amani huondoka pamoja na kile kitu chenyewe. Ndiyo maana adui hawezi kukusaliti. Adui anaweza kukupiga, kukuibia, hata kukuua, lakini hawezi kukusaliti, kwa kuwa hukuwahi kumkabidhi kitu. Wahenga walilijua hilo waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Hata hivyo, neno "msaliti" tunalitumia ovyo. Mtu akihama chama, tunamwita msaliti. Akioa au kuolewa nje ya kabila lake, msaliti. Akibadili dini, msaliti. Akipatana na mtu ambaye sisi bado tumemnunia, naye pia ni msaliti. Je, hao wote wamefanya jambo moja? Ningependa tulitafute jibu katika historia ya nyumba moja ya hapa hapa Unguja, nyumba ya Sayyid Said bin Sultan. Ni historia inayotuhusu Wakristo pia, na si kila mahali tumetoka humo tukiwa safi.

Kalamu ya binti

Sayyid Said, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, alifariki baharini mwaka 1856 akiwa njiani kurudi kutoka Oman. Aliacha watoto wengi wa mama mbalimbali. Thuwaini alishika utawala wa Oman, na Majid akashika wa Unguja. Mdogo wao, Barghash, hakuridhika na mgawanyo huo.

Miongoni mwa mabinti alikuwamo Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, ambalo magofu yake yapo mpaka leo kaskazini ya mji. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Salme na mama yake waliwahi kukaa katika nyumba ya Majid, na kaka huyo alimtendea mdogo wake kwa upendo mkubwa. Salme alijifunza pia kuandika, kwa siri na kwa juhudi zake mwenyewe, jambo ambalo binti wa kasri hakutarajiwa kulijua.

Mwaka 1859 mama yake alifariki kwa kipindupindu. Salme alikuwa amevutwa sana na dada yake Khole, yule Bi Khole ambaye jina lake bado tunalitaja tukipita chini ya miembe ya Bungi. Khole alikuwa upande wa Barghash, na Barghash alikuwa akipanga kumwondoa Majid. Wala njama walihitaji mtu wa kuwaandikia barua za kuwaita wakubwa na kuagiza silaha. Kazi hiyo ikamwangukia Salme. Alikuwa na miaka 15 tu.

Hebu tupime jambo hili kwa kipimo cha amana. Majid alikuwa amempa nini Salme? Alimpa nafasi nyumbani mwake, heshima kwa mama yake, na mapenzi ya kaka. Salme alijua njia na desturi za nyumba ile kwa sababu alipokelewa ndani yake. Huo basi ulikuwa usaliti kwa maana kamili ya neno. Tena haukutoka kwenye chuki. Ulitoka kwenye kumpenda dada kuliko kuipenda haki, na hivyo ndivyo usaliti mwingi unavyoanza.

Njama ikagundulika. Nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari. Usiku mmoja Khole na Salme waliingia humo na kumtoa Barghash akiwa amefunikwa nguo za kike, akapita mbele ya askari ambao hawakuthubutu kuwagusa mabinti wa Sayyid Said. Alikimbilia shamba lililoitwa Marseilles na kujiimarisha huko pamoja na wafuasi wake. Majid, akisaidiwa na mabaharia wa Kiingereza, akawashinda. Watu waliuawa. Barghash alijisalimisha, akapelekwa uhamishoni Bombay.

Kaka aliyesamehe

Kilichofuata si kawaida katika historia ya wafalme. Salme mwenyewe, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, anaeleza kwamba Majid hakuwaadhibu dada zake, ingawa wapo waliomshauri afanye hivyo. Anakiri pia kwamba alimkosea kaka ambaye hakuwa amemtendea ila wema.

Tuuangalie vizuri msamaha wa Majid. Hakusema kwamba hakuna kilichotokea. Barghash alipelekwa mbali, na silaha hakurudishiwa. Kwa hiyo kusamehe si kumrudishia mtu panga aliyotaka kukuchinja nayo. Lakini Majid alikataa kuufanya usaliti wa dada zake uwe ruhusa ya yeye kuwa mkatili. Mlango wake aliuacha wazi.

Salme alijitenga, akaishi katika mashamba ya Kizimbani na Bububu. Baada ya muda akaupita mlango ule. Yeye na Majid walipatana. Hapo ndipo alipoitwa msaliti tena, safari hii na upande wa Khole na Barghash. Alipofanya njama dhidi ya kaka yake, kundi lilimwona mwaminifu. Alipoirudia amana aliyoivunja, kundi lile lile likamwona haini. Tujihadhari basi. Wanaomwita mtu msaliti mara nyingine wanamaanisha tu kwamba ameacha kutenda dhambi pamoja nao.

Kuhama na kusaliti

Salme alirudi mjini, akakaa nyumba iliyopakana na ya mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Walipendana, na Salme akapata mimba. Mwezi Agosti 1866 aliondoka kwa siri katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer na kupelekwa Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa na Ruete siku hiyo hiyo. Kisha wakaondoka kwenda Ulaya.

Kwa jamaa zake, hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko njama ya 1859. Binti wa Sultani alikuwa ameacha dini, nyumba na nchi. Wakristo wa Ulaya nao walikuwa tayari kulihesabu jambo hilo kuwa ushindi. Mimi naona pande zote mbili zilimpima kwa kipimo kisicho chake.

Kuhama peke yake si kusaliti. Mtu aliyeondoka katika dini ya wazazi wake hakuchukua kitu alichokabidhiwa akakitumia kuwaangamiza. Amewahuzunisha, na huzuni hiyo ni ya kweli, lakini huzuni ya walioachwa na jeraha la waliosalitiwa ni mambo mawili. Tukiyachanganya, tutamtendea vibaya mtu aliyefuata dhamiri yake, na tutamhurumia kidogo mno yule aliyechomwa kisu mgongoni. Nasema hivi nikiwa Mkristo ninayeishi kati ya Waislamu wengi. Kipimo hiki ni lazima kifanye kazi pande zote: anayetoka kwetu kwenda kwao, na anayetoka kwao kuja kwetu.

Wala Kanisa lisijisifu kwa ubatizo ule. Ulikuja pamoja na ndoa, katikati ya hofu na haraka, na Salme mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakujiona Mkristo mwema. Aliacha imani aliyoijua, akapewa jina la imani ambayo hakuna aliyepata muda wa kumfundisha vizuri. Kumpokea mtu katika ubatizo ni kupokea amana. Waliompokea walipaswa kumtunza, si kumhesabu tu.

Majid, kwa upande wake, hakubadilika. Ruete alibaki Unguja miezi kadhaa akimaliza shughuli zake za biashara, wala hakudhuriwa.

Ahadi ya London

Mwezi Agosti 1870 Ruete alifariki kwa ajali ya tramu huko Hamburg. Salme aliachwa na watoto wadogo watatu katika nchi ya ugeni. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Majid naye alifariki Unguja, na Barghash akawa Sultani. Yule kaka ambaye Salme alimwandikia barua na kumtoa nyumbani usiku, sasa alikuwa na uwezo wa kumsaidia. Hakumsaidia.

Mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Unguja Sir Bartle Frere kumtaka Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Barghash alikataa kwanza, kisha akatia sahihi mkataba tarehe 5 Juni 1873, baada ya kutishiwa kwamba manowari zitafunga kisiwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1875, alialikwa Uingereza kwa heshima kubwa. Salme alipopata habari alisafiri kwenda London akitumaini kuonana na kaka yake na kupatana naye.

Kwa maelezo ya Salme, aliyemjia huko ni Sir Bartle Frere huyo huyo. Serikali haikutaka mgeni wake asumbuliwe. Frere akamwekea mambo mawili achague: aonane na kaka yake, au aache, na serikali ya Uingereza iwaangalie watoto wake. Salme aliwachagua watoto. Alitimiza sehemu yake, akakaa mbali. Barghash alipokwisha kuondoka, aliambiwa kwamba yeye ni raia wa Ujerumani na serikali haiwezi kumsaidia.

Tupime tena. Hapa amana ilikuwa watoto watatu wasio na baba. Mama aliiweka mikononi mwa mtu aliyejulikana kwa utu na kwa kupigania watumwa, na bila shaka sifa hiyo ndiyo iliyomfanya aamini. Usaliti wa mtu mwenye jina jema huumiza kuliko wote, kwa sababu huangusha pamoja naye lile jema alilolisimamia. Salme alimalizia kumbukumbu zake akiwa na uchungu mwingi juu ya Wazungu wanaojiita Wakristo. Tusimlaumu kwa hilo. Tuwalaumu waliompa sababu.

Sultani naye akaachwa

Barghash naye alikuwa na mtu aliyemwamini, Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza Unguja. Tangu mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimetangaza kwamba zitaheshimu uhuru wa Zanzibar. Barghash alikubali mkataba mchungu wa 1873, akafuata ushauri wa Kirk mwaka baada ya mwaka, akiamini kwamba Uingereza itasimama naye siku ya shida.

Siku hiyo ilifika. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na nchi za jirani akikusanya mikataba, na mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Barghash alipinga. Tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wa Unguja. London haikumtetea. Ilimwagiza Kirk amshauri Sultani akubali, naye akakubali.

Katika msafara huo wa meli za Kijerumani alikuwamo Salme. Bismarck alikuwa ameona faida yake: raia wa Ujerumani, dada wa Sultani, mwenye madai ya urithi. Akitendewa vibaya, Ujerumani itapata kisingizio. Barghash alipokubali matakwa ya Wajerumani, Salme hakuhitajika tena. Kaka yake alikataa kumwona. Alirudi Ujerumani mikono mitupu.

Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuigawa nchi ya bara baina yao. Barghash aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Katika tume iliyopima mipaka yake, yeye hakuwa na mjumbe. Alifariki mwezi Machi 1888.

Wapo watakaosema kwamba Mungu alimlipa Barghash kwa yale aliyomfanyia Majid. Mimi sithubutu kusema hivyo. Waliomsaliti Barghash walifanya dhambi yao wenyewe, na dhambi yake haiwatakasi.

Waliokabidhiwa kwetu bila ahadi

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo, kwa sababu wapo watu wengine katika historia hii ambao bado hawajazungumza. Ukishuka Darajani ukatembea kidogo kuelekea Mkunazini, utafika Kanisa Kuu la Kianglikana. Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873, na Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi wake mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa kwa mkataba wa Juni mwaka huo.

Salme, ambaye kalamu yake ilieleza vizuri sana maumivu ya kusalitiwa, katika kumbukumbu zake aliutetea utumwa wa Waarabu na kuwalaumu Wazungu waliotaka ukome. Na tukumbuke kwamba mama yake mzazi alitekwa akiwa mtoto mdogo, akatenganishwa na ndugu zake. Salme ndiye anayetusimulia hayo. Aliliona jeraha la mama yake, lakini hakuliona la mtumishi aliyemletea maji.

Wala asimcheke mtu Salme. Mkataba wa 1873 ulifunga soko, haukufuta utumwa. Uingereza iliifanya Zanzibar kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wake mwaka 1890, na utumwa uliendelea kutambuliwa na sheria mpaka mwaka 1897. Kwa miaka mingi kengele ya Mkunazini ilipigwa kuwaita waumini juu ya ardhi ile, huku mitaa michache mbali mtu akimilikiwa na mtu mwenzake kihalali.

Mtumwa hakuahidiwa kitu na Sultani wala na malkia. Je, basi hakusalitiwa? Imani yetu inajibu kwamba alisalitiwa. Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake, alijitetea kana kwamba hakukabidhiwa kumlinda. Mungu hakuukubali utetezi huo. Kila binadamu ni amana ya Mungu mikononi mwa jirani yake, hata kama hakuna mkataba uliotiwa sahihi.

Tujifunze nini

Kwanza, kabla hatujamwita mtu msaliti, tuulize: alikabidhiwa nini, na nani? Kama hakuna jibu, basi huenda ametuudhi tu, au ametuacha. Neno hili ni zito, na lisitumike kufunika hasira zetu.

Pili, kusalitiwa hakumfanyi mtu kuwa mwema. Salme alisaliti na akasalitiwa. Barghash vivyo hivyo. Anayelia leo kwa kuvunjiwa amana ajichunguze ni amana ya nani iliyo mikononi mwake.

Tatu, ufa wa amana hauzibwi na muda, huzibwa na kurudi. Yuda na Petro walimkosea Bwana usiku mmoja, na wote wawili walijuta. Tofauti yao ni kwamba Petro alibaki mahali ambapo Bwana angeweza kumkuta. Salme alirudi kwa Majid, na Majid alikuwepo kumpokea. Katika miaka yote tuliyoipitia, hapo tu ndipo ninapoona amana iliyovunjwa ikiungwa tena, na ilihitaji wawili: mmoja wa kukiri, mwingine wa kutofunga mlango.

Salme aliishi miaka mingi Beirut na Jaffa, akafariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924, na akazikwa Hamburg. Katika vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, nacho kikazikwa pamoja naye. Jumba la Makumbusho la Kasri, pale Forodhani, liliwekewa chumba chenye kumbukumbu zake. Watoto wa shule walipita humo, Waislamu na Wakristo pamoja.

Huku kwetu Amani, jirani akisafiri bado hutuachia ufunguo wa nyumba yake. Hatuulizi dini yake wala chama chake. Tunaupokea na kuuweka mahali salama. Ndugu msomaji, nawe una ufunguo wa mtu. Yaweza kuwa siri aliyokuambia, mtoto aliyekuachia, fedha za kikundi, au ndoa yako mwenyewe. Utunze. Na kama umekwisha kuuvunja uaminifu huo, usingoje mpaka ubaki na kifuko cha mchanga. Nenda kabisha hodi.